Je, wajua kwanini mwenye masta anaachwa na mwenye digrii moja kwenye pointi za Kanada?

Hili swali linawauma wengi, hasa waliouza kiwanja wakarudi chuo wakiamini cheti cha pili ndo kitawapeleka Kanada. Chukua watu wawili, wote wana miaka 29, hawajaoa, na wote wana miaka mitatu ya kazi ya kitaalamu huku nyumbani. Mmoja ana masta, mwenzake ana digrii ya kwanza basi. Kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, huyu wa masta anapata pointi 387 na wa digrii moja anapata 429, na hapo hakuna aliyependelewa wala aliyetoa kitu kidogo, ni hesabu tu, iko wazi kwa kila mtu ila wengi hatuelezwi.

Kanada inachagua wahamiaji kwa pointi tangu 1967, ila huu mfumo wa sasa wa Express Entry umeanza Januari 2015. Kinachochanganya watu ni kwamba kuna hesabu mbili tofauti. Ya kwanza, kwa mtu anayeomba kama mfanyakazi mwenye ujuzi akiwa nje ya Kanada, ni ile ya 67 kwa 100. Mawakala wanaipenda sana hii, wanakwambia "umefikisha 67, umepita", mtu anaanza kuaga majirani. Hapana. Hiyo 67 inakuruhusu tu kuingia kwenye orodha ya wanaosubiri. Ukishaingia unapangwa upya kwa hesabu ya pili inayoitwa CRS, juu yake ni 1,200, alafu serikali inafanya droo na kuchukua wa juu kwenda chini mpaka nafasi za siku hiyo ziishe.

Sasa turudi kwa wale wawili. Tofauti yao ni lugha. Wa masta alifanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, akapata ngazi ya 8 kwa vipimo vya Kanada, yani CLB 8, wa digrii akapata CLB 9. Ukiangalia juu juu ni ngazi moja tu, lakini lugha kwenye CRS haihesabiwi mara moja. Kwanza inakupa pointi zake yenyewe, 92 kwa CLB 8 na 124 kwa CLB 9. Alafu inarudi tena kuzidisha thamani ya elimu yako, digrii moja na CLB 9 inakuongezea 25 wakati ukiwa na CLB 7 au 8 ni 13. Alafu inarudi mara ya tatu kwenye uzoefu wa kazi, miaka mitatu ya kazi nje ya Kanada na CLB 9 ni 50, ukiwa na CLB 7 au 8 ni 25. Kwahiyo masta yake ilimpa pointi zake vizuri tu ila lugha ikamkata sehemu tatu kwa mpigo.

Na hapa ndo pananiumiza zaidi, maana watu wanaanguka kwa kitu kidogo mno. CLB 9 kwenye IELTS ni kusikiliza 8, na kusoma, kuandika na kuongea 7 kila moja. Zote nne lazima zifike. Sasa mtu anapata kusikiliza 8, kusoma 7, kuongea 7, kuandika 6.5, anafurahi anaona ni nusu alama tu, kumbe yule wa 429 kwa hiyo nusu ya kuandika anashuka mpaka 384. Pointi 45! Hakuna kozi ya miezi miwili mitatu itakayokupa pointi 45, lakini kufanya mazoezi ya kuandika insha kila siku, mtu akakusahihishia kwa ukali, alafu ukarudia mtihani, inaweza kukupa. Na hakikisha ni IELTS General Training, sio Academic, kuna watu wamelipa pesa nyingi wakafanya isiyotakiwa. Matokeo yanaishi miaka miwili, ukichelewa yanakufa.

Masta sio mbaya jamani, ukiwa tayari na CLB 9 inakuongezea 40 nzima. Ila angalia na umri. Kuanzia miaka 20 mpaka 29 unapata 110, ukigusa 30 zinaanza kushuka, tano au sita kila mwaka, ukifika 40 zimebaki 50, na 45 ni sifuri. Kwahiyo ukiacha kazi miaka miwili usome masta, ukatoka na lugha ileile ya CLB 8, umri umekula sehemu ya ulichokipata. Lugha kwanza, cheti baadae, huo ndo mpangilio ningemshauri mdogo wangu.

Tuwe wakweli lakini, hata hiyo 429 peke yake mara nyingi haitoshi. Mwaka 2025 droo za watu waliokwisha fanya kazi ndani ya Kanada hazikushuka chini ya 500. Droo ya sekta ya afya ya Julai 22 mwaka huo ilishukia 475. Ofa ya kazi iliyokuwa inaleta pointi 50 au 200 imefutwa kabisa tangu Machi 25, 2025, kwahiyo anayekuuzia "job offer ya pointi" leo anakuibia. Kinachobaki chenye nguvu ni kuteuliwa na jimbo, hiyo inaleta 600 kwa mara moja, na kingine ni Kifaransa.

Kifaransa ndugu zangu! Droo ya Machi 21, 2025 ya wanaojua Kifaransa ilialika watu 7,500 na wa mwisho alikuwa na 379. Yule kijana wa 429 akijifunza mpaka afike ngazi ya 7 kwenye vipengele vyote vinne anaongeza 62, anakuwa na 491, na juu ya hapo anaingia kwenye hizo droo. Sio Kifaransa cha kuombea maji, ni kazi ya mwaka na zaidi kwa anayeanza sifuri, Alliance Française zipo Nairobi na Dar. Ila wenzetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura mliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, mmekalia mali. Fanyeni mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, na mtihani wa Kiingereza msiuache, maana ukifika hata CLB 5 bonasi ya Kifaransa, iliyomo kwenye zile 62, inakuwa 50, usipofika ni 25. Kumbuka tu Express Entry ni kwa anayekwenda kuishi nje ya jimbo la Quebec, Quebec wana utaratibu wao.

Kwa waliooana, msikimbilie kumuweka baba kuwa muombaji mkuu eti kwa sababu ndo baba. Pigeni hesabu mara mbili, mara mume mbele, mara mke mbele, kikokotoo kiko bure kwenye tovuti ya serikali ya Kanada na kufungua profaili ni bure pia. Mke mwenye miaka 28 na Kiingereza kizuri anaweza kuibeba familia nzima, mume wa miaka 41 akaingia nyuma yake akachangia mpaka pointi 20 za lugha na 10 za elimu.