Gemu bila mashine: yasemwayo Malindi, na ukweli wake

Kwenye vibanda vya gemu vya Malindi, kuanzia Maweni hadi Kisumu Ndogo, siku hizi husemwa kwamba PlayStation na Xbox zimefika mwisho, na karibuni kila mtu atacheza kwa simu na bando tu. Ukweli upo humo, lakini si wote, na kuna vijana wanaotaka kuuza mashine zao kwa maneno hayo.

Dhana: Gemu zinazorushwa moja kwa moja mtandaoni hazihitaji mashine.
Mashine ipo, ila iko mbali nawe. Ukibonyeza pedi hapa Malindi, amri hupita kwenye waya hadi Mombasa, ikaingia baharini hadi kompyuta ya kampuni ilipo. Huko picha huchorwa, kisha hurudishwa kwako. Mwanga ndani ya faiba hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kompyuta ikiwa umbali wa kilomita 6,000 za waya, kwenda na kurudi ni milisekunde 60, na hapo foleni za mtandao hujazihesabu. Gemu ya mpira yenye picha 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 17 hivi. Beki umemwamuru akabe, kumbe mshambuliaji keshampita! Ununue simu ya bei gani, tatizo hilo litabaki. Litapungua kompyuta hizo zikisogezwa karibu na pwani yetu, na hilo ndilo la kudai.

Dhana: Bando linatosha.
Kampuni ya NVIDIA, kwa huduma yake ya gemu za aina hii iitwayo GeForce NOW, hupendekeza kasi ya megabiti 25 kwa sekunde kwa picha safi za 1080p. Piga hesabu, ukikumbuka biti nane ni baiti moja: ikitumika yote, ni gigabaiti 11 hivi kwa saa moja. Mwenye bando la simu ni afadhali apakue gemu mara moja, acheze bila presha.

Dhana: Kampuni kubwa ikiingia, huduma haifi.
OnLive, huduma ya gemu za aina hii, ilianza 2010 ikafungwa 2015. Google ilizindua yake, Stadia, Novemba 2019, ikaizima Januari 2023. Wateja walirudishiwa pesa za gemu walizonunua, lakini gemu zenyewe hazikuchezeka tena pale.

Dhana: Gemu ya simu ni ya watoto.
Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana risasi, ilishindaniwa medali. Isitoshe, kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kutengeneza gemu ya simu kwa Godot, programu ya bure kabisa. Bao tunalocheza barazani lina kanuni na mbinu za kutosha kuwa gemu ya kisasa, na ningependa sana itengenezwe na mtoto wa hapa, kwa Kiswahili chetu.

Dhana: Kibanda kitakufa.
Sioni hivyo. Watu hulipia mechi kwa sababu ya mpinzani aliyekaa ubavuni na kelele za wanaongoja zamu. Tena gemu ikishakuwa ndani ya mashine, wawili wanaocheza pamoja hawahitaji bando, wanahitaji stima tu.

Mwenye kibanda aangalie jambo jingine: tundu la diski. Xbox Series S haina, na PS5 Digital Edition huuzwa bila hilo tundu. Ukinunua hizo jinsi zilivyo, diski za zamani hazitaingia, hutaazima ya jirani, wala hutauza gemu uliyoichoka. Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji aiwashe na kuitia diski mbele yako.