Faida ya nishati katika muungano wa nyuklia: kimeingia nini, na wapi?

Tangu Desemba 2022 kuna sentensi isiyokoma kuzunguka: wanasayansi wa Marekani wamezalisha umeme mwingi kuliko walioutumia. Nimeisikia redioni, nimeisoma magazetini, na juzi nimemsikia mwalimu wa fizikia akiwaeleza wanafunzi wake vivyo hivyo. Si kweli, na inaumiza kwa sababu jambo lenyewe, likielezwa sawasawa, ni kubwa vya kutosha.

Faida ya nishati, ambayo wanafizikia huiandika kwa herufi Q, ni nishati iliyotoka kwenye muungano wa nyuklia ukiigawanya kwa nishati iliyoingizwa kuuchochea. Q ikizidi 1, kilichotoka kimezidi kilichoingia. Muungano ni viini vya haidrojeni nzito kushikamana na kuwa kiini cha heliamu, huku nyutroni ikichomoka kwa kasi kubwa. Maana ni hiyo tu.

Tatizo liko kwenye "iliyoingizwa". Iliyoingizwa wapi?

Tuingie Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, kwenye kituo kiitwacho National Ignition Facility. Mafuta yao, yaani hiyo haidrojeni nzito, hukaa ndani ya kidonge cha almasi chenye kipenyo cha milimita 2 hivi, nacho kimeshikiliwa katikati ya kopo dogo lililopakwa dhahabu ndani. Miale 192 ya leza huingia kupitia matundu ya kopo, juu na chini. Haikigusi kidonge, hupiga kuta, nazo hutoa eksirei zinazobabua ganda la kidonge mpaka lifyatuke kwenda nje na kuyabana mafuta kwa ndani. Yote huisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Tarehe 5 Desemba 2022 leza ilifikisha megajuli 2.05 kwenye kopo, na muungano ukatoa megajuli 3.15. Q ikawa takriban 1.5. Hakuna maabara iliyokuwa imewahi kufika hapo, na watu walikuwa wakiliwazia jambo hili tangu leza ilipovumbuliwa mwaka 1960.

Lakini ili kuipata leza ile, kituo kilivuta kiasi cha megajuli 300 za umeme. Kwa hesabu ya mita za nyumbani, ziliingia yuniti zipatazo 83, na kilichotoka hakikufika yuniti moja. Tena kilichotoka si umeme, ni nyutroni na joto. Jengo lile halina hata jenereta ya kukigeuza. Halikujengwa kwa ajili hiyo. Kazi yake kuu ni kuisaidia Marekani kuzielewa silaha zake za nyuklia bila kuzilipua, kwa kuwa iliacha majaribio ya kulipua mwaka 1992.

Je, wanafizikia walidanganya? Hapana. Walihesabu kuanzia kwenye kopo kwa sababu swali lao lilikuwa hili: mafuta yakishabanwa, je, viini vya heliamu vinavyozaliwa humo vinaweza kuyapasha yale yaliyobaki hadi yawake yenyewe? Jibu lilikuwa ndiyo, na Februari 2024 wakapata megajuli 5.2 kwa leza ya megajuli 2.2. Upotevu ndani ya leza ni swali la wahandisi, na leza zile ni za teknolojia ya miaka ya 1990. Swali hilo lina majibu yake, ila halijajibiwa na jaribio lile.

Mkanganyiko huohuo unaiandama ITER, mtambo unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Wao hutumia sumaku kuishika plazima, yaani gesi iliyopashwa hadi elektroni zikaachana na viini. Lengo lao ni Q ya 10: megawati 50 za joto ziingie kwenye plazima, zitoke 500. Magazeti huandika "umeme mara kumi". Hizo 50 ni joto linaloifikia plazima peke yake. Umeme wa sumaku, wa mitambo ya kupoozea na wa pampu haumo. Na ITER haitazalisha umeme wa gridi.

Basi, mwandishi mwenzangu, jaribio jingine likitangazwa andika tu hivi: "Mafuta yametoa nishati nyingi kuliko leza iliyoyalenga." Kisha ongeza sentensi moja ya kusema kituo kizima kilivuta umeme kiasi gani.