Daftari la duka halina sukari ndani

Juma lililopita kijana mmoja mwimbaji alipanda matatu kutoka Ahero mpaka studio kwangu Kondele, Kisumu, flashi mfukoni. Wimbo wake ulirekodiwa studio nyingine, ukabaki kumaliziwa. "Prodyuza, kila kitu kiko humu," akaniambia. "Treki zote 14." Nikachomeka. Ndani mlikuwa na faili moja tu, kilobaiti 412.

Sikuhitaji kuifungua ndipo nijue. Maiki moja ikirekodi kwa kilohezi 48, yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo kikiwa cha biti 24, inakula baiti 144,000 kila sekunde. Kilobaiti 412 hazifiki sekunde tatu za treki moja. Hazimtoshi hata mpiga ngoma kukohoa kabla hajaanza. Alichobeba kijana ni sesheni. Sauti zilibaki kule kule zilikorekodiwa.

Jambo hili nimelieleza mdomoni mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika. Chukua daftari la madeni la duka la mtaani. Mle mmeandikwa nani kachukua sukari kilo ngapi na siku gani. Likung'ute uwezavyo, haitadondoka hata punje. Sesheni ndiyo hilo daftari. Inasema: treki ya kwanza, chukua faili fulani kutoka folda fulani, ianze sekunde ya 12, ikomee ya 40, ipunguzwe desibeli 3, itiwe mwangwi kidogo. Ukikata kipande cha gita kwenye skrini, faili ya WAV, yaani sauti yenyewe, haiguswi. Yanayobadilika ni maandishi ya daftari, ndiyo maana kesho unaweza kukirudisha ulichokata leo.

Wanaotumia programu ya kurekodi ya Reaper wana bahati: sesheni yake ni maandishi matupu, hata Notepad inaifungua. Nikamfungulia kijana aone kwa macho yake. Tukashuka na mistari mpaka tukafika panapoanza neno FILE, na mbele yake njia ndefu inayoishia hivi: Documents\REAPER Media\05-Besi-01.wav. Hapo nikajua kilichotokea. Mwenzangu wa ile studio alianza kurekodi kabla hajaihifadhi sesheni, na programu ilipokosa pa kuziweka sauti ikazimwaga kwenye folda yake ya jumla, zikachanganyika na za watu wengine. Baadaye akahifadhi sesheni kwingine, akanakili daftari, akamkabidhi mteja.

Kwa hiyo kwangu hakuna anayegusa kitufe chekundu kabla folda ya wimbo haijatengenezwa na sesheni kuhifadhiwa ndani yake. Programu nyingine ya kurekodi, Pro Tools, inakulazimisha: inataka jina kwanza, kisha inatengeneza yenyewe folda ya Audio Files. Ardour nayo, sesheni yenyewe ni folda. Audacity zamani ilikuwa na faili ndogo ya aup na pembeni folda ya data iliyojaa vipande vya sauti, na watu walikuwa wakibeba ile ndogo na kuiacha folda. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 likavitia vyote katika faili moja, aup3. Na kama tayari umeshachanganya, Reaper ina chaguo unapohifadhi kwa jina jipya: inanakili sauti zote zinazotumika na kuzileta kwenye folda ya kazi. Pro Tools wanaita Save Copy In, ila hakikisha umeweka alama ya kubeba na faili za sauti, la sivyo utabeba daftari tena.

Nisijifanye malaika. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilirekodi mzee mmoja wa nyatiti, nyimbo tatu. Asiyeijua nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, ajue kwamba nyuzi nane ni nusu ya habari. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye mti wa chombo chenyewe, na mdundo huo ndio unaoushika wimbo usiyumbe. Nikaweka maiki ya nyuzi, maiki ya sauti, na moja chini kabisa kwa ajili ya mguu. Nyimbo zote tatu, sesheni tatu, nikazitupa kwenye folda moja iliyoitwa KAZI. Siku diski ilipojaa nikafungua sesheni ya kwanza, nikaiamuru programu isafishe faili zisizotumika. Ikatii. Kwa sesheni ile, faili za wimbo wa pili na wa tatu zilikuwa hazitumiki! Nikabonyeza kukubali, na kwa vile nilitaka nafasi nikamwaga na pipa la takataka papo hapo.

Nilimpigia simu yule mzee. "Jaduong', samahani, itabidi turudie." Alikaa kimya, kisha akauliza kama mguu wake nao nimeupoteza. Alirudi, akapiga vizuri, lakini wimbo wa tatu haukuwa ule. Tangu siku hiyo kila wimbo una folda yake, na amri ya kusafisha siigusi mpaka nakala iwe pembeni.

Majina nayo. Programu nyingi huipa faili jina la treki, kwa hiyo andika jina la treki kabla ya kurekodi. Ukilibadilisha baadaye kwenye skrini, faili kwenye diski mara nyingi inabaki na jina la zamani. Nimewahi kuletewa folda ya faili 200, zote Audio 1 hii na Audio 1 ile, nikashinda nusu siku nasikiliza moja moja kujua besi ni ipi. Mimi naandika jina la chombo: NYATITI_NYUZI, NYATITI_MGUU, ORUTU, GARA. Sesheni naipa tarehe, mwaka ukitangulia, 2025-03-14, zijipange zenyewe. Wale wa FINAL, FINAL2 na FINAL KABISA mnajijua. Kuhifadhi sesheni mpya kila siku hakuli nafasi. Ni ukurasa tu umeongeza kwenye daftari.

Ugomvi wa kilohezi 44.1 na 48 niupite haraka: amua mwanzo, andika kwenye jina la folda. Faili ya 44.1 ikichezwa kama ya 48 bila kugeuzwa inapanda kama nusutoni moja na nusu na kukimbia, mwimbaji anageuka mtoto.

Linaloumiza huku kwetu ni usiku mrefu. Ohangla, muziki wetu wa ngoma wa Kiluo, haianzi mapema na haiishi mapema. Faili ya kawaida ya WAV haivuki gigabaiti 4, kwa kuwa sehemu inayoandika ukubwa wake ina biti 32 tu. Kwa steriofoni ya biti 24 na kilohezi 48 hiyo ni kama saa nne na dakika nane. Ukiwasha saa tatu usiku, saa tisa watu bado wanacheza na wewe umeshafika ukutani. Chagua RF64, aina ya WAV isiyo na kikomo hicho, kwenye mipangilio, au gawa faili kila saa moja. Na flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32 haitaipokea faili kubwa hivyo hata ikiwa tupu, ifomati kwa mpangilio wa exFAT.

Nakala? Treki 14 za dakika sita ni karibu megabaiti 726 kwa kurekodi mara moja, hivyo kuzipandisha mtandaoni kwa bando ni kilio. Nazigeuza FLAC kwanza, aina ya faili inayobana sauti, zinapungua bila kupoteza chochote. Diski moja iko studio, nyingine kwa dada yangu Migosi, maana jioni mvua ya ziwani ikija na radi zake stima haiagi. Msanii anapoondoka nampa kila treki kama WAV nzima inayoanzia sifuri, aweze kuifungua kwenye programu yoyote. Wapo wanaozifungia hizo faili ili mteja arudi. Mimi naona ni uchoyo.

Kijana wa Ahero nilimwandikia kwenye karatasi majina 14 ya faili, na folda ya kutafuta. Siku ya tatu akarudi na flashi ileile, safari hii imejaa. Sesheni ilipouliza ziko wapi nikaielekeza, visanduku vitupu vikaanza kujaa mawimbi kimoja baada ya kingine, ngoma, besi, gita zote mbili. Vikabaki viwili havijajaa, vyote vya sauti yake. Akavitazama kidogo, akavua koti.

"Haya, washa maiki."