Jenetiki ya Hamira na Usafi wa Seli

Jenetiki ya hamira ni mbinu ya kuharibu au kuondoa jeni za hamira, moja baada ya nyingine, kisha kutazama kazi gani ya seli imekwama. Hamira yenyewe ni ile ile ya maandazi, kiumbe hai cha seli moja. Hapa nazungumzia kazi moja tu: kuvunja protini mbovu.

Protini huanza kama uzi mrefu wa asidi amino, na uzi huo haufai kitu mpaka ukunjwe ukapata umbo lake. Ukikunjika vibaya, seli huubandika alama, yaani protini ndogo iitwayo ubikwitini, kisha mtambo uitwao proteasomu huukatakata. Ugunduzi wa alama hiyo uliwapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Ubikwitini ina asidi amino 76. Kati ya yetu na ya hamira, zinazotofautiana ni 3 tu. Kwangu hiyo ndiyo hoja kuu. Hamira haina mapafu wala ini, lakini ufagio wake ndio wetu.

Tena ni rahisi kuifanyia kazi. Ikipata chakula hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi, na jeni zake, kama 6,000, zilisomwa zote kufikia 1996. Inaweza pia kuishi na nakala moja tu ya kila jeni. Sisi tuna mbili, na mara nyingi nzima huificha iliyoharibika.

Huko Stuttgart, Ujerumani, kundi la mwanasayansi Dieter Wolf lilichukua protini ya hamira iitwayo CPY, yenye kosa la asidi amino moja. Protini hiyo hukwama katika retikulamu ya endoplazimu, karakana ambamo protini za kusafirishwa hukunjwa, kisha huvunjwa. Wakatafuta hamira zilizoshindwa kuivunja, na katika hizo wakapata jeni kama DER1. Mwaka 1996 wakaonyesha kwamba haivunjwi humo karakanani: hutolewa nje, ikatiwa ubikwitini, ikamalizwa na proteasomu.

Njia hiyo ndiyo inayohusika na magonjwa ya watu. Katika sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa makamasi mazito, protini CFTR yenye asidi amino 1,480 mara nyingi hukosa moja tu, ya 508. Ingeweza bado kufanya kazi kiasi, lakini seli huivunja kabla haijafika kwenye utando wa seli. Alfa-1 antitripsini ni protini ya ini inayokinga mapafu, na ile yenye kasoro ya aina ya Z huumiza kwa namna nyingine: hurundikana kwenye ini na kulidhuru, huku mapafu yakikosa kinga yake.

Protini zote mbili zimepandikizwa kwenye hamira, nayo huzitambua kuwa mbovu. Ukiondoa jeni fulani na protini ikaanza kubaki, basi jeni hiyo ina mkono katika kuivunja. Kwa aina ya Z ilionekana pia kwamba ikizidi, proteasomu haiachiwi kazi peke yake. Ziada hupelekwa kwenye vakuoli, mfuko wa seli wa kusagia taka, kwa otofaji, seli ikila shehena yake yenyewe. Jeni zinazopatikana hivyo hupimwa upya kwenye seli za binadamu, kwa sababu hamira haiwezi kutuonyesha ini linavyougua.