Usisubiri moyo uchangamke ndipo uanze

Wengi wanaokuja kwangu wakiwa wamechoka moyo huja na kauli moja: "Nikishajisikia vizuri, nitaanza." Nitaanza kutembea, nitawatafuta ndugu zangu, nitarudia ushonaji niliouacha. Mimi ni mshauri nasaha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuipindua kauli hiyo. Moyo ukishuka, hamu ya kufanya mambo hushuka nao. Anayesubiri hamu irudi kwanza anaweza kusubiri muda mrefu sana, kwa sababu hamu yenyewe mara nyingi huja mtu akiwa tayari ameshaanza.

Sisemi hivi ili kumtia mtu moyo tu. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alieleza mzunguko ambao wengi wetu tunaujua kwa kuupitia: mtu anapunguza shughuli, anakosa yale yaliyokuwa yakimpa raha au kumfanya ajione ana maana, moyo unazidi kushuka, naye anazidi kujitenga. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walijaribu kuigawa tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa moyo kushuka kwa muda mrefu, vipande vipande. Kundi moja lilipata tiba nzima, pamoja na kuchambua mawazo. Jingine lilisaidiwa tu kupanga shughuli na kuzifanya. Matokeo ya makundi hayo hayakupishana kwa kiasi cha kutajika. Miaka 20 baadaye, utafiti wa watu 440 nchini Uingereza ulionyesha kwamba wahudumu wasio na ubingwa wa tiba ya kisaikolojia, wakifundishwa njia hii ya shughuli, hupata matokeo yasiyo duni kuliko ya wataalamu wanaotumia tiba ya mawazo.

Sasa, uanze na shughuli gani? Hapa ndipo watu huwa na haraka. Wanachukua orodha ya mtu mwingine: amka alfajiri, kimbia, andika, tafakari. Mimi naomba wiki moja ya daftari kwanza, bila kubadilisha chochote. Kila baada ya saa mbili tatu unaandika ulichofanya na unakipa alama mbili kati ya 0 na 10: ya kwanza ya raha, ya pili ya kutimiza jambo. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi (nimeutunga, siwezi kuanika wa mtu):

Saa 1 asubuhi, kitandani na simu: raha 3, kutimiza 0.
Saa 2, kuoga na kuvaa nguo safi: raha 4, kutimiza 5.
Saa 7 mchana, kula peke yangu huku natazama video: raha 3, kutimiza 0.
Saa 11 jioni, kumsaidia jirani kuhamisha meza: raha 6, kutimiza 7.
Saa 3 usiku, simu tena: raha 2, kutimiza 0.

Tazama mstari wa nne. Mwenye daftari angeulizwa asubuhi ile ni nini kitakachomfurahisha, asingeitaja meza ya jirani hata kidogo. Simu angeitaja, kwa sababu ndiyo anayoikimbilia. Tunapokuwa chini tunakosea sana kubashiri kitakachotuinua, na ndiyo maana naliamini daftari kuliko hisia ya wakati ule. Alama mbili nazo zina sababu. Kuna mambo yasiyo na raha yoyote, kama kulipa bili iliyokaa wiki nzima, lakini ukiyamaliza mabega yanashuka.

Kutoka kwenye daftari chagua jambo moja tu. Kisha lipunguze. Likibaki dogo kiasi kwamba unaona haya kumsimulia mtu, hapo umefika. Kuvaa viatu na kufika nje ya mlango kunatosha kuwa tabia. Ukiendelea kutembea, hiyo ni nyongeza. Jambo dogo lina faida moja kubwa: unaliweza hata siku mbaya, na siku mbaya ndiyo inayokuhusu.

Halafu lifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na huwasaidia watu kutekeleza kuliko nia peke yake. Lakini chagua kiungo chako kwa makini. "Asubuhi" ni pana mno. "Nikipata nafasi" ndiyo mbaya kuliko zote, maana nafasi haipigi hodi. "Nikirudisha mswaki mahali pake" ni kiungo kizuri: kinatokea kila siku, kina mwisho unaoonekana, na mkono unabaki mtupu, tayari kwa jambo linalofuata.

Kuhusu siku 21 zinazotajwa kila mahali, zisikusumbue. Zilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 juu ya muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake huko London walipofuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya kwa wiki 12, walikadiria wastani wa siku 66, na tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa ajabu: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu, kwa ninavyoona kazini, ni jinsi mtu anavyojihukumu baada ya kuruka hiyo siku.

Kama daftari halikupi jibu, anzia kwenye mwanga wa nje mapema asubuhi, mwili kusogea kidogo, au mtu mmoja wa kusalimia. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliokusanya tafiti 15 uliona kwamba hata wanaofikia nusu tu ya mazoezi yanayopendekezwa huwa na hatari ndogo ya sonona kuliko wasiofanya kabisa. Orodha za shukrani za kila usiku sizipigi vita, ila nimeona mara nyingi zikigeuka kuwa kama kutia alama ya mahudhurio tu. Afadhali umtumie mtu mmoja ujumbe wa asante wenye jambo mahususi ndani yake.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Moyo ukiwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, au usingizi, hamu ya kula na kazi vimevurugika, muone mtaalamu wa afya. Tabia ndogo zitasaidia pembeni ya tiba, hazichukui nafasi yake. Na kama mawazo ya kujidhuru yapo, mwambie mtu leo hii na utafute msaada wa dharura.

Ukishafika mwezi mmoja, rudia daftari kwa siku chache. Tabia ambayo alama zake hazijasogea, iache bila kuona haya, ujaribu nyingine. Ipo nyingine itakayokushangaza: ilianza na raha 6, sasa inapata 3, ingawa unaifanya bila kukosa. Hilo ni la kawaida. Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake, waliowafuatilia watu kwa shajara za kila saa, waliona kwamba tunapofanya mambo tuliyoyazoea hisia zetu hupoa na akili huwa mahali pengine. Kwa hiyo kiache kiungo palepale, ubadilishe kilichomo: mswaki uleule, viatu vilevile, lakini leo pinda kushoto badala ya kulia, au mpigie yule mtu ambaye hamjazungumza tangu mwaka jana.