Mimea ya asili ya kudumu ni ipi hasa?

Bustani ya nyumbani inaweza kuchanua mwaka mzima na kusiwe na mmea hata mmoja wa asili ndani yake. Bogenvilia na jakaranda zimetoka Amerika ya Kusini. Lantana, ambayo siku hizi imevamia malisho na kingo za misitu, nayo imetoka Amerika. Hata mwarobaini, ambao wengi wangeapa kuwa ni wetu tangu mababu, asili yake ni Bara Hindi.

Mmea wa asili ni ule ambao umekuwa ukiota wenyewe mahali fulani bila kuletwa na binadamu, ukazoeana na mvua, udongo, wadudu na ndege wa hapo. Kinachoangaliwa ni mahali, wala si nchi. Mfano mzuri ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau lililopewa jina la kisayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyochukuliwa Usambara. Leo linapamba madirisha Ulaya na Marekani. Ni la Tanzania, naam, lakini limezoea miamba yenye kivuli na unyevu wa misitu ya milimani. Mtu wa Dodoma akilipanda juani eti kwa sababu ni la nchini, litamfia. Nyasi za kikuyu nazo ni za asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huko California na Australia watu wanapambana nazo kama gugu.

Kudumu ni habari nyingine. Mahindi huota, huzaa na kufa katika msimu mmoja. Mmea wa kudumu huishi zaidi ya miaka miwili. Miti pia hudumu, ila wapenda bustani wakisema hivyo huwa wanafikiria zaidi mimea midogo na vichaka. Tena kudumu si lazima kuonekane. Gloriosa, mmea unaotambaa wenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama ndimi za moto, hukauka kabisa kiangazi kikiingia. Asiyeujua hufyeka, hulima, na jembe hukata kiazi kilichokuwa kimelala ardhini kikingoja mvua. Weka kijiti mahali mmea ulipo. Na kama una watoto wadogo au mbuzi, usiupande kabisa, maana una sumu kuanzia kiazi hadi mbegu.

Kwa anayeanza, mimi ningemwelekeza kwenye mishubiri ya kwetu. Ule unaouzwa sana, Aloe vera, asili yake ni Arabuni. Hapa tuna aina nyingi, mojawapo ikiwa Aloe lateritia yenye majani ya madoadoa na maua mekundu au ya rangi ya chungwa, ambayo ndege aina ya chozi huyafuata kufyonza nekta. Kivumbasi nacho kinafaa: hukua kichaka, nyuki hukipenda, na ukikipogoa huchipua tena.

Wengi huambiwa mimea ya asili haitaki maji. Si kweli kwa mche mchanga. Msimu wa kwanza mizizi bado iko juu juu, kwa hiyo panda mvua zinapoanza, mwagilia zikikatika, na tandaza majani makavu bila kuyarundika shinani. Baadaye punguza mkono. Mshubiri huozeshwa na maji mengi kuliko unavyouawa na ukame. Samadi kidogo inatosha.

Miche itafute kwenye kitalu au kwa jirani mwenye machipukizi, usiichimbe porini. Isipokuwa Aloe vera, mishubiri yote iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori, kwa hiyo kuivusha mpakani bila kibali ni kosa, hata kama ni mche mmoja wa kumpelekea shangazi.