Kwa nini gari la spoti lililotembea kidogo hudaiwa plagi mpya?

Chukua Porsche 911 ya mwaka 2008 ambayo mwenyewe huitoa nje siku za mapumziko tu, tena kusiwe na mvua. Dashibodi inasoma kilomita 18,000 na plagi zake sita, vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Ratiba ya sevisi ya magari haya huweka vikomo viwili kwa plagi: umbali fulani, au miaka minne, kitakachotangulia ndicho kinachofuatwa. Kwa umbali, plagi hizo bado zina maisha marefu. Kwa miaka, zilitakiwa kung'olewa mwaka 2012. Tumsikilize nani, barabara au kalenda?

Jibu la haraka gerejini ni kwamba plagi huzeeka zikikaa, kwa hiyo kalenda imeshinda. Ni jibu linalosadikika kwa sababu vitu vingi vya gari huzeeka hivyo hivyo. Tairi hupasuka likiwa limeegeshwa, betri hufa, oili ya breki hunyonya unyevu hewani. Lakini itazame plagi yenyewe. Ina kauri nyeupe ya alumina, ganda la chuma, na ncha za nikeli, platinamu au iridiamu. Hakuna hata kimoja humo kinachochoka kwa kukaa. Iridiamu ni miongoni mwa metali zinazostahimili kutu kuliko zote, huyeyuka karibu nyuzi 2,446 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya inayotumika duniani hutoka Afrika Kusini, ikipatikana pembeni ya uchimbaji wa platinamu. Plagi ya namna hiyo ikilala kabatini miaka ishirini mahali pakavu, siku ikifungwa itawasha moto bila kinyongo.

Hata zile ziitwazo plagi za shaba zimepewa jina la kupotosha. Shaba imo ndani, kazi yake kupitisha joto. Ncha inayotoa cheche kwa kawaida ni aloi ya nikeli, maana shaba tupu ingeliwa upesi mno.

Kinachoila plagi ni cheche na joto la moto unaofuata. Katika injini ya mapigo manne, kila plagi hupiga cheche moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, hizo ni cheche 1,250 kwa dakika, yaani 75,000 kwa saa. Tukikadiria mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, gari letu limefanya kazi saa 360 hivi, na kila plagi imepiga cheche karibu milioni 27. Linasikika kama jambo kubwa, lakini gari lililofika kilomita 60,000 kwa mwendo huo huo lina cheche milioni 90.

Kila cheche huondoka na chembe ya metali isiyoonekana kwa macho. Fikiria mtaro ambao watu wanauruka kutwa kucha. Kila anayeruka huporomosha punje ya udongo ukingoni. Mwanzoni kingo ni kali na mtaro ni mwembamba, mtoto anauvuka. Baada ya miezi kingo zimelika, mtaro umepanuka, na anayetaka kuvuka lazima achukue mbio. Kwenye plagi, mtaro ni ule mwanya kati ya ncha mbili, mara nyingi baina ya milimita 0.7 na 1.1, na mbio ni volti. Mwanya ukipanuka na ncha ikiwa butu, koili, kifaa kinachoipa plagi umeme mkubwa wa cheche, hulazimika kusukuma volti nyingi zaidi, maelfu kwa maelfu, mpaka siku inashindwa na injini inaanza kumisi, yaani kurukwa na baadhi ya miwako. Kwa kawaida humisi kwanza pale unapokanyaga mafuta kwa nguvu, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda ni ngumu zaidi kupenywa na umeme. Ndiyo maana injini za turbo, ambazo hushindiliwa hewa ya ziada, hupewa mwanya mdogo, na ratiba zake za plagi huwa fupi.

Hapa kilomita nazo zinaonyesha udhaifu wake kama kipimo. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, hutumia koili moja kwa plagi mbili, na kila plagi hupiga cheche kila mzunguko. Moja huwasha petroli, inayofuata hupigwa wakati moshi unatoka, haina kazi yoyote. Kwa safari ile ile, plagi zake hupiga mara mbili ya zile za gari lenye koili ya kila plagi. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo ya ajabu kabisa kwenye injini za petroli: nusu ya cheche zimetupwa kwa makusudi, na gari linatembea vizuri tu.

Basi, kwa hesabu ya ulaji, plagi za 911 yetu bado changa. Ila gari lisilotembea lina adui mwingine, naye ni masizi. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikifika takribani nyuzi 450 na kuendelea, masizi yanaungua. Chini ya hapo yanabaki juu ya kauri, na masizi hupitisha umeme. Turudi mtaroni: mtu ameweka ubao kando, kwa nini aruke? Umeme nao hupita ubaoni, unateleza juu ya kauri hadi kwenye ganda, na cheche haitokei.

Na anayeweka ubao huo mara nyingi ni mwenye gari, kwa nia njema. Kila wiki anawasha injini dakika tano “ili isife”, kisha anazima. Injini baridi hulishwa petroli nyingi kuliko kawaida, ncha za plagi hazijafika joto la kujisafisha, na juu ya hayo, lita moja ya petroli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji. Maji hayo hubaki kwenye ekzosi na oili. Kama hutaendesha nusu saa au zaidi, afadhali usiwashe. Masizi ya namna hii, habari njema, mara nyingi huisha kwa safari moja ndefu.

Miaka minne basi imetoka wapi? Kitabu cha gari hutoa namba bila maelezo, kwa hiyo kinachofuata kimetokana na yale mafundi wanayoyakuta. Ganda la plagi ni chuma, kichwa cha injini ni aluminiamu. Metali hizi mbili zikikumbatiana miaka mingi, zikipashwa na kupozwa, na unyevu ukiingia, hushikana. Plagi ikigoma, inaweza kutoka na nyuzi za aluminiamu, ile mikato ya skrubu inayoishika, na hapo gharama si ya plagi tena. Isitoshe, kwenye 911 zinazopozwa kwa maji, zilizoanza na toleo la 996, plagi zimelala ubavuni, chini, karibu na ekzosi. Raba za mirija zinamokaa hukauka na kuvujisha oili, na koili zilizofungwa juu yake hupasuka ganda. Hivyo vyote vinafuata kalenda. Kwa mtazamo wangu, ile miaka minne inahusu mahali plagi inapokaa zaidi ya plagi yenyewe.

Ndiyo maana uamuzi mzuri ni kufungua, walau plagi moja iliyo rahisi kufikika, injini ikiwa baridi kabisa. Aluminiamu ya moto hupoteza nyuzi kirahisi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu ni masizi. Yenye oili inataka uchunguzi wa injini. Kauri nyeupe yenye malengelenge imepata joto kupita kiasi. Na kwa kuwa kazi kubwa ni kuifikia, ukishazifungua zote sita na hujui zilibadilishwa lini, weka mpya. Ukiwa na kumbukumbu ya miaka mitatu iliyopita na injini haimisi, ziache. Tahadhari moja tu: plagi bandia zenye majina ya NGK na Denso, watengenezaji wa plagi wa Japani, zipo sokoni, na plagi halisi yenye miaka kumi ni bora kuliko bandia ya leo.

Kwa plagi ya milimita 14 kwenye aluminiamu, NGK hutaja nguvu ya kukaza ya nyutoni-mita 25 hadi 30, kwa nyuzi kavu. Ukizipaka grisi, spana itakupa namba ile ile huku plagi imekazwa kupita kiasi. Na ukiona mduara wa kahawia kwenye kauri, juu tu ya ganda, usiogope kwamba moto wa silinda unavuja. Ni chembe za oili zilizovutwa na umeme mkubwa unaozunguka kauri hiyo, na plagi nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.